Kitambaa cha Bibi na Mitambo ya Umeme

Bibi hakunituma nikamwangalizie nyumba yake. Alinituma nikaanike kitambaa.

Kilikuwa kipande cha bafta nyeupe, bafta ile ile anayoshonea kofia. Alinipa mwanzoni mwa likizo ya Agosti, hapa Amu, mjini Lamu, katika chumba cha nyuma ambacho tangu ahamie kwetu ni chake na changu. "Ukifika ukifue, ukianike darini kwangu," akasema. "Kilale hapo yeo na kesho. Kisha uniletee. Usiniletee maneno. Maneno ya Athman nimeyasikia."

Athman ni ami yangu, mdogo wa baba. Ndiye anayeangalia mitambo ya umeme kijijini kwetu, kisiwani Pate. Tangu Ramadhani alikuwa akimpigia Bibi simu: mama, rudi, moshi umekwisha, wametuletea kabati la chuma la kusafisha moshi. Bibi husikiliza, husema alhamdulillahi, kisha hukata simu na kuniangalia mimi. Sanduku lake hajalipakua lote mpaka leo. Nguo za kila siku ametundika, lakini vikombe vyake vya kahawa na buibui lake zuri bado vimo ndani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nieleze kidogo, maana wengi wenu Amu mnadhani Pate ni nyuma ya dunia. Nilipokuwa mdogo umeme haukuwako kwetu. Alasiri tulikaa na Bibi kwenye ukumbi wa nje, yeye akishona vito vya kofia, vile vitundu vya nakshi, mimi nikishika uzi usiburuzike. Palikuwa na kimya ambacho siku hizi nikijaribu kukikumbuka nakikosa. Hata hewa ya siku zile siikumbuki ilinukaje. Mitambo ilipokuja, sitadanganya, tulifurahi sisi kushinda wote, kwa sababu iliwekwa nyuma ya ukuta wetu na taa zetu ziliwaka mwanzo. Barafu ya kwanza Bibi aliishika kiganjani mpaka ikaisha yote, akakataa kuitua. Mimi nilijifunza kusoma vizuri kwa taa ile. Kisha vidoti vyeusi vikaanza kutua kwenye kofia alizozianika. Mnunuzi akazirudisha. Halafu kikaja kifua. Baba akaenda kumchukua, na nyumba ikafungwa.

Kwa hiyo ule ukawa mpango: kitambaa kikirudi cheupe, Bibi anarudi kwao. Kikirudi na madoa, anapakua sanduku.

Jumamosi asubuhi, gatini Amu. Boti ya abiria huondoka maji yakijaa, kwa sababu mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa machache. Nilikaa nyuma na akina mama, mkoba mapajani. Mimi si mtu wa kuzungumza na watu nisiowajua. Nikiulizwa jambo, jibu hunijia tukishaachana. Nahodha alikuwa akipita kukusanya nauli, akasimama mbele yangu.

"Wewe mwana wa nani?"

"Wa kina Bi Mwanakheri," nikasema, chini kwa chini.

"Yule wa kofia?" Akavua kofia yake akanipa niitazame. Uzi wa ukingoni ulikuwa umeshaanza kufumuka. "Hii yake. Mwambie arudi, kitwa changu kitabaki uchi. Hawa wa siku hizi wanashona kama wanafukuzwa."

Akina mama wakacheka. Nami nikacheka, lakini nikiangalia mikoko. Nilitaka kumwambia kwamba ile kofia ninaikumbuka, kwamba mstari ule wa vito vidogo uliozunguka nilishika uzi wake mimi. Nikamrudishia kofia yake, tukatoka Mkanda.

Mtangawanda, bandari ya Pate, kabla ya adhuhuri. Ami alinitumia bodaboda. Tulikwenda kati ya minazi, na kabla sijaona paa hata moja nilisikia ule mngurumo. Mtu aliyezaliwa nao haumsumbui. Mimi nimezaliwa kabla yake. Nikainua macho kutafuta bomba. Lilikuwa palepale, refu kuliko minazi ya karibu, na juu yake hakuna kitu. Mbingu tupu. Moyo ukanipiga kwa furaha. Nikaona vikombe vya kahawa vya Bibi vikitoka sandukuni.

Nyumbani kwa Ami, mkewe, Bi Zena, alinipokea mlangoni. "Swafiya! Ndoo ndani, mwanangu. Mbona umekonda? Amu hakuna chakula?" Akaniweka mbele ya mkate wa mofa na samaki, akakaa kuhakikisha ninakula. Ami akaja kutoka kazini, mikono inanuka sabuni na dizeli, akanishika kichwa.

"Umeliona bomba?"

"Nimeliona."

"Basi mwambie bibi yako. Mimi haniamini."

Alasiri, nyumbani kwa Bibi. Mlango uligoma, kisha ukafunguka. Ndani palikuwa na harufu ya chokaa na nguo za zamani. Kila kitu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka, isipokuwa lile jabia uani, tangi la chokaa ambalo babu alilijenga kukusanya maji ya mvua kutoka darini. Hilo lilikuwa kubwa vilevile. Kifuniko chake kilikuwa na kufuli, na ufunguo Bibi aliondoka nao. Niligonga ubavuni kwa kiganja kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kujua maji yalipofika. Lilijibu kwa sauti nzito mpaka juu. Hakuna aliyekunywa humo tangu aondoke.

Nikachota maji ya kisima, nikafua kitambaa, nikakianika darini kwenye kamba ile ile ya kofia, upande wa mitambo. Nikakiacha kilale.

Jumapili jioni nikapanda kukichukua, Ami na Bi Zena nyuma yangu. Nikakikunjua juani. Hakikuwa na doti hata moja. Ami alipiga kofi moja, akacheza hatua mbili za ngoma ya chama darini, mtu mzima. "Nilisema! Nilisema au sikusema?"

"Umesema, baba, shuka usituangushie dari," Bi Zena akamwambia.

Nikakisogeza usoni, kwa sababu Bibi kila nguo anayoianua huinusa, nami nimechukua tabia hiyo. Kilinuka zizi la punda. Si kidogo. Harufu ilinipanda puani ikanitoa machozi.

"Punda wa nani hawa?" nikauliza.

"Wa jirani, Bwana Shali," Bi Zena akajibu. "Tulimlalamikia akawapeleka shambani, mbali huko. Tangu idi. Lakini harufu yao imekataa kuhama."

Nilikunja kitambaa. Usiku ule nilijiambia kwamba Bibi alisema habari ya madoa, hakusema habari ya harufu. Kitambaa ni cheupe. Niseme nini zaidi?

Jumatatu, chakula cha mchana. Ami alileta mgeni: fundi kutoka Mombasa, dada kijana aitwaye Nekesa, aliyekuja kulikagua lile kabati la chuma. Alikaa mkekani na sisi, akavua viatu vyake vizito vya kazi, akaomba pilipili. Bi Zena alimpenda hapo hapo. Akamuuliza hilo kabati linafanya nini hasa, kwa sababu mumewe alikuwa amemweleza mara nyingi na kila mara alilala.

Nekesa akacheka. "Sawa. Ndani kuna matofali ya kauri yana vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Moshi unapita humo. Kwenye moshi kuna ule weusi mlikuwa mnaona. Huo umepungua, injini imerekebishwa. Lakini kuna hewa nyingine mbaya, haina rangi. Hiyo ndiyo inachoma kifua. Sasa, tunapuliza maji ya yurea kwenye bomba, yakipata joto yanakuwa amonia. Amonia na ile hewa mbaya zikikutana juu ya matofali, zinabadilika, zinatoka zikiwa hewa ya kawaida na mvuke. Yale matofali yamepakwa dawa inayoitwa kichocheo. Kichocheo chenyewe hakiishi. Kinazikutanisha tu."

"Kumbe mshenga!" Bi Zena akasema.

"Mshenga?"

"Anakutanisha watu wawili, wanaoana, yeye anarudi kwao vilevile alivyokuja, kesho anaenda nyumba nyingine."

"Eeh! Hiyo nitaiiba, nitafundishia watu."

"Lakini mshenga gani haombi hata leso?" Ami akatia, tukacheka wote.

Nekesa akauchezea wali wake. "Shida ni kuwa huyu mshenga wenu hafanyi kazi. Kipimo changu kinasema hewa mbaya inatoka karibu yote vile ilivyoingia. Nimeangalia pampu, nimeangalia mabomba. Siku mbili sioni kitu."

Hapo nikaikumbuka ile harufu. Kitambaa kilikuwa mkobani nyuma yangu. Nilijua nikikitoa, Bibi huenda asirudi kwao. Nisipokitoa, atarudi, atalala chini ya lile bomba lisiloonyesha kitu. Nilimkumbuka usiku, anavyokaa kitako kitandani ili apate pumzi, na anavyonidanganya kwamba anaswali. Nikakitoa nikampa bila kumtazama.

"Kinuse," nikasema.

Akanusa. "Hii si ni punda? Mimi niliinusa tangu nimefika. Niliambiwa Lamu punda ndio magari, nikadhani ndio harufu ya hapa."

"Hakuna punda," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa kuwa kubwa. "Walihamishwa tangu idi."

Nekesa akaacha kula. Akakinusa tena, macho kayafumba. "Amonia," akasema. "Inapita tu. Inatoka nje na ile nyingine, hazijakutana." Akamgeukia Ami taratibu, bila ukali. "Bwana Athman, yurea mlichanganya na maji gani?"

"Mapipa yenu ya yurea iliyochanganywa yalichelewa, kusi lilikuwa kali, chombo hakikuja. Mlituachia magunia ya chenga za yurea na mkatwambia maji safi. Nikatia maji safi."

"Ya wapi?"

"Ya kisima cha msikiti. Nikayachuja na kitambaa." Akatutazama sote. "Yanafaa kwa udhu, nikaona yatafaa kwa injini."

Hakuna aliyecheka. Kwetu maji ya kisima yana chumvi, hata chai hatupikii, lakini machafu si machafu. Maji ya mvua ni ya kunywa watu na kumpa mgeni. Ukionekana umefulia nguo maji ya mvua, mtaa mzima utakusema kwa israfu. Sijui mtu mmoja kijijini petu ambaye angefanya tofauti na Ami.

"Na maji ya mvua?" Nekesa akauliza.

Ami akaangalia ukutani, upande wa nyumba ya Bibi. "Ya mvua ni ya kunywa," akasema, akaishia hapo.

Jumanne, mtaa wa mitambo. Alfajiri walizima ule mtambo ili kabati lipoe walifungue. Nilikuwa ukumbini kwa Bibi. Mngurumo ulishuka, ukakohoa, ukakatika. Watoto wakapiga kelele ya "Aaah!" kutoka nyumba hadi nyumba, kwa sababu ya runinga na feni. Kisha na wao wakanyamaza.

Na kile kimya kikarudi, kile nilichosema nakikosa. Nilisikia makuti yakisuguana. Nilisikia ndiwa wakitembea darini, kucha zao kwenye chokaa. Mwanamke nyumba ya tatu alimwambia mwenzake kuwa nazi hizi hazina tui, na nikasikia neno kwa neno. Nilikaa mahali pangu pa kushikia uzi. Nililia kidogo, hakuna aliyeniona. Lakini jua lilipopanda, nilisikia pia mtoto mchanga akilia kwa joto, na Bi Zena akilalamika samaki wake wataoza kwenye friji, nikaona kwamba sitaki kimya hiki kibaki. Nilikitaka tu kwa asubuhi moja.

Alasiri walifungua kabati. Nekesa aliniita nisogee. Akatoa tofali moja akalishika kwenye mwanga. Vitundu vingi vilikuwa na ukoko mweupe, kama chumvi inayobaki juu ya mawe pwani maji yakitoka.

"Mshenga amejazwa chumvi mdomoni," akasema. "Anaweza kuoshwa. Mapipa ya maji ya kusuuzia mwisho nitaleta, na ya kuchanganyia pia, nishapiga simu. Lakini kwanza yasuuzwe chumvi yote hii, na hapo yanatakiwa maji mengi matamu. Ya mvua yatafaa, nitayapima. Nani ako nayo?"

Ami akasema kila jabia lina watoto wake wa kunywa mpaka mvua za vuli. Nikamwangalia, nikaangalia ukuta wa Bibi, akaelewa.

"Usimsumbue bibi yako," akanong'ona. "Niahidi."

Sikuahidi. Lakini pia sikukataa. Niliangalia viatu vyangu.

Nekesa akasema angengoja hadi Jumamosi. Maji yasipopatikana, angeyafungasha matofali ayapeleke Mombasa, na kurudi kwake hakujulikani ni lini.

Jumatano, safari ya kurudi. Bi Zena alinifungia mkoba mwenyewe: mkate, samaki mkavu, na kitambaa cha Bibi juu ya vyote. Nilikuwa botini tayari nilipokisikia harufu. Udi. Alikuwa amekifukiza. Usiku alikitandika juu ya tenga, chetezo chini, kama inavyofanywa nguo yoyote ya mtu mzima kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nguo haitoki nyumba ya Bi Zena bila kufukizwa. Lakini harufu ya zizi haikuwepo tena. Nilikuwa nimebeba kitambaa cheupe kama maziwa, kinanukia kama harusi, na kila kilichomo ndani yake kilikuwa kikisema: rudi.

Mkanda mzima niliyapanga maneno. Kila nilipoyapanga yalivunjika.

Amu, baada ya alasiri. Bibi alikuwa kitandani. Hakuniuliza habari za mtu. Akanyoosha mkono. Nikampa. Alikikunjua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akatafuta kila pembe. Kisha akakiweka usoni, akakaa hivyo kwa muda.

"Huu udi wa Zena," akasema kwa ndani. "Nilimfundisha mimi kuuchanganya." Alipokishusha macho yake yalikuwa na maji na anatabasamu. Akateremka kitandani, akaanza kulivuta sanduku. "Mwite babako anitafutie boti."

"Bibi."

"Mh."

"Usiende."

Mkono wake ukasimama juu ya sanduku. Sijawahi kumwambia Bibi usi- wala si-. Nikamwambia yote, vibaya, mwisho kabla ya mwanzo: kwamba kitambaa kilinuka kabla ya udi, kwamba punda si punda, kwamba kinachochoma kifua hakina rangi, habari ya mshenga, habari ya chumvi na kisima cha msikiti. Nikamwambia hata lile jabia nililigonga na limejaa. Nilipofika kwa Ami na "usimsumbue bibi yako" nilikuwa nimeshaishiwa pumzi.

Bibi akakaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku.

"Alinipigia simu," akasema. "Athman. Mapipa yalipochelewa. Akaniuliza, mama, niruhusu nifungue jabia, nahitaji mai ya mvua ya mitambo. Nikamwambia mai yale baba yako aliyatega kwa viumbe wa Mungu. Shetani lile lililonitoa nyumbani kwangu silinyweshi. Nikamkatia." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Wala hakunitaja?"

"Hakukutaja."

"Mwana yule," akasema, na sikujua ni sifa au lawama.

Kisha akafungua fundo la leso yake, lile ambalo siku zote nilidhani lina tambuu. Ulikuwamo ufunguo, mdogo, umeshika kutu pembeni. Akanitia mkononi na kunifumba vidole.

"Urudi na boti ya kesho. Mwambiye afungue, yasuuze mpaka litosheke. Yakibaki, aite jirani wanywe. Nyumba haina mtu, mai yanakaa kufanya nini?"

Nikadhani amemaliza. Akasimama, akachukua kitambaa, akakitia kwenye beseni, akakimiminia maji ya mtungini, ya kunywa, akakisugua kwa nguvu kama kina doa. Nikamuuliza anafanya nini, kitambaa ni safi.

"Nautoa udi," akasema. "Zena mwambiye nimemshukuru, lakini asikiguse. Kianike palepale. Safari hii nataka kirudi hakina harufu ya kitu chochote."

Nilipokuwa nikikikamua nilielewa kwa nini nilikuwa nashindwa kuikumbuka hewa ya utoto wangu. Nilikuwa natafuta harufu yake, na haikuwa nayo. Nilikianika dirishani kikauke kwa safari, na Bibi akalirudisha sanduku mahali pake, ila hakulifunga.